Ua Lisilo na Jina Huchwewa Mara Mbili

Imekuwa ada katika kurasa za mashairi ya Kiswahili kwamba shairi halionwi kuwa limekamilika mpaka limewekewa picha, na picha inayopendwa kuliko zote ni ile ya ua la mwituni ufukweni, nyuma yake jua likichwa. Ua lenyewe ni jeusi, kana kwamba limechovywa katika wino. Anga nyuma yake ni ya rangi ya embe bivu. Chini ya picha pameandikwa maneno mawili matatu: uzuri wa machweo, ua la pwani, au saa ya dhahabu. Kisha beti hufuata, na ndani ya beti hizo ua ni ua tu. Halina jina, halina shina, halina mahali lilipoota, halina saa ya kuchanua wala ya kufumba. Lipo ili mshairi apate pa kutundika huzuni yake.

Nasema bila kumung'unya maneno: ada hii inaidhulumu pwani na inaidhulumu lugha. Picha ya namna hiyo hulifuta ua mara mbili. Kwanza hulizima rangi, kwa kulisimamisha mbele ya jua. Pili hulinyima jina, kwa kuwa mpiga picha hakuuliza na mshairi hakujali. Kiswahili kina kitenzi kwa mtu aliyefikiwa na machweo kabla ya kufika aendako: husemwa amechwewa. Maua ya pwani yetu yamechwewa mara mbili, na sisi tunaojiita wapenzi wa lugha tumesimama pembeni tukipiga makofi.

Nianze na jua, maana hapo ndipo uigaji unapojifichua. Pwani ya bara, tangu Lamu hadi Mtwara, inatazama mashariki. Kwa aliye Malindi, Pangani, Bagamoyo au Kilwa, jua hutoka baharini na hutua nchi kavu, nyuma ya minazi na mashamba. Wapo wanaoliona likizama majini: walio upande wa magharibi wa visiwa, kama Forodhani na Kendwa kule Unguja, Wete na Mkoani kule Pemba, Kilindoni kule Mafia, pamoja na walio kando ya hori na ghuba ambazo maji yake yamepinda yakaelekea magharibi. Hao wana haki yao. Lakini sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili ni pwani ya macheo.

Tafakari maana yake kwa mwenye kamera. Aliyesimama kwenye mchanga wa Bagamoyo alasiri kasiri, uso wake ukielekea bahari, jua liko kisogoni pake. Mwanga unapita juu ya bega lake, umelala, umelainika, unayapiga maua usoni. Kila mshipa wa jani unaonekana. Vinyweleo vya shina vinaonekana. Chumvi iliyokauka juu ya majani inaonekana. Hii ndiyo neema ya pwani inayotazama mashariki: jioni yake ni taa inayowashwa kwa ajili ya ua. Naye mpiga picha hufanya nini? Huipa bahari kisogo, hulizunguka ua, huliweka baina yake na jua. Kamera hupimia mwanga wa anga, na kilicho mbele ya anga hiyo hugeuka mkaa. Amepewa taa, naye amechagua kivuli. Amechagua hivyo kwa sababu picha iliyokaa machoni mwake ilipigwa California au Ureno, katika pwani zinazotazama magharibi, ambako ua la ufukweni na jua linalotua hukutana upande mmoja. Ameibeba pwani ya watu akaja kuitandika juu ya pwani yake.

Huko ndiko lilikotoka pia hilo neno saa ya dhahabu. Lugha yenye alasiri, alasiri kasiri, magharibi, machweo na utusitusi haikuwa na njaa ya neno hilo. Dhahabu haimwambii msomaji lolote kuhusu wakati. Alasiri kasiri inamwambia: kivuli kimerefuka, sala ya alasiri inakaribia kupita, mwenye kuchuma na achume sasa. Karibu na Ikweta jua huteremka wima, nasi hatuna jioni ndefu za kaskazini ya dunia, ambako weupe hukawia mbinguni kama mgeni aliyesahau kuaga. Kwetu jua hutua baina ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka nenda mwaka rudi, na baada ya kutua mwanga hubaki dakika 20 na kidogo tu. Aliyezaliwa pwani anaujua ufupi huo mwilini mwake. Anayeandika saa ya dhahabu ameukopa muda ambao anga lake halina.

Sasa tuje kwenye ua. Mwenye kupiga picha na mwenye kuandika beti huamini kwamba ua la machweo ni kitu kimoja. Si kweli. Jua linapochwa pwani, maua yako katika hali tatu tofauti kabisa, na kila hali ni habari inayojitosheleza.

Wa kwanza ni mlakasa, ule mmea utambaao juu ya mchanga mkavu, juu kidogo ya mstari wa maji kujaa. Jani lake limepasuka katikati kama ukwato wa mbuzi, na ua lake ni la zambarau iliyofifia kuelekea waridi, lenye umbo la mdomo wa tarumbeta. Ndani ya jina lake anasikika kasa, mnyama aupandaye mchanga uo huo usiku kutaga mayai. Ua la mlakasa ni la asubuhi. Hufunguka na mwanga mpya, na siku moja ndiyo maisha yake. Machweo hulikuta limesinyaa na kujikunja. Kwa hiyo anayekwenda ufukweni wakati wa machweo kuupiga picha mlakasa amefika baada ya karamu. Angelijua jina, angeliijua saa. Asiyelijua hurudi na picha ya kitambaa kilichokunjwa, akaiita huzuni ya jioni, kana kwamba ua limelia kwa sababu yake.

Wa pili ni mtakawa, mti wa kando ya hori, ambao gome lake hutoa nyuzi za kusokota kamba. Ua lake huchanua asubuhi likiwa la manjano. Mchana ukisonga, manjano huingia wekundu. Jioni ua limeiva, na halikawii kuanguka. Ua hili halihitaji jua nyuma yake ili lionekane kuwa la machweo: lenyewe linachwa. Safari ya rangi ya anga nzima imo ndani ya majani yake matano. Mshairi gani asingelililia ua kama hilo? Jibu ni mshairi ambaye hajapata kuambiwa kwamba lipo, kwa kuwa katika picha aliyoletewa lilikuwa jeusi.

Wa tatu ni maua ambayo kwao machweo ndiyo macheo. Mlilana ni mmoja wa miti ya mikoko, ule unaosimama mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi, pale ambapo mikandaa na michu hurudi nyuma. Ua lake hufunguka giza linapoingia, likatoa nyuzi nyingi nyeupe kama brashi, likawakaribisha popo na nondo, na kufikia asubuhi nyuzi hizo zimekwisha kupukutika juu ya maji. Mbuyu nao ni vivyo hivyo: ua lake kubwa jeupe, linaloning'inia kichwa chini, hufumbuka wakati wa magharibi, hutembelewa na popo usiku, na kesho yake hugeuka rangi ya kahawia na kuanguka. Hawa ndio wenye machweo. Hakuna anayewapiga picha, kwa sababu wakati wao unapofika, jua limekwisha kuondoka na mpiga picha amekwisha kufunga mfuko wake.

Hapa lugha ilikuwa na hekima kututangulia. Kwetu saa za usiku huanza kuhesabiwa jua linapotua. Saa 12 ya jioni ikipita, tunaanza upya: saa 1 ya usiku. Hata siku yenyewe, katika hesabu ya dini na ya mitaa ya kale, huanza magharibi. Ndiyo maana tunasema Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa. Kucha na kuchwa zimekaa jirani katika lugha, zimetenganishwa na sauti moja nyembamba, na tunaposema usiku kucha na mchana kutwa tunazungumza habari ya milango miwili ya nyumba moja. Kwa Mswahili, basi, machweo ni mwisho na ni mwanzo. Ua la mlilana linaelewa hivyo. Ua la mbuyu linaelewa hivyo. Kinamama waliokuwa wakichuma tumba za asumini alasiri, kabla hazijafunguka, ili zifunguke usiku zikiwa tayari zimefungwa katika kikuba, walielewa hivyo. Anayeshindwa kuelewa ni mshairi wa picha nyeusi, ambaye kila ua la jioni kwake ni kifo na kila machweo ni kwaheri.

Nitaulizwa: majina haya tutayatoa wapi? Kamusi zetu zenyewe zina tabia ya kukwepa. Mtu hufungua ukurasa akitafuta mmea, akajibiwa kwamba ni aina ya mmea. Akitafuta ua, akajibiwa kwamba ni aina ya ua. Ni kama kumuuliza mtu habari za jirani yake, naye akajibu kwamba ni aina ya mtu. Hata hivyo yapo maandishi. Padri Mfaransa Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapwa Paris mwaka 1939, alikuwa mkusanyaji wa mimea pia, na majina ya mimea aliyasikiliza kwa sikio la mtu anayejua jani moja lina tofauti gani na jingine. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu kizima juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na majina ya Kiswahili yamo humo. Ni aibu yetu, wala si sifa yao tu, kwamba wageni hao wawili waliuliza zaidi kuliko malenga wengi wa leo.

Tena liko jambo linalopaswa kututia haya zaidi. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania huota mkilua, mti mdogo ambao ua lake, kilua, wanawake wa pwani wamejipamba nalo kwa harufu yake. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa bustani za Kew, Uingereza, alipouwekea mti huo jenasi yake pekee, hakutunga jina jipya. Alichukua letu. Mti huo unaitwa Mkilua fragrans katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, na neno la pili, la Kilatini, halisemi zaidi ya kwamba unanukia. Mjapani au Mbrazili anayeusoma mti huo analazimika kutamka Kiswahili. Wakati huo huo, sisi wenye lugha tunaweka picha ya ua na kuandika chini yake: ua zuri.

Nazijua hoja za upande wa pili, nami sizidharau. Ya kwanza yasema kwamba uzuri hauhitaji jina. Jicho hufurahi kabla ulimi haujafunguka. Ni kweli, jicho hufurahi. Lakini jicho likishafurahi, mshairi ndiye aliyeajiriwa kuufungua ulimi. Akibaki na furaha ya jicho peke yake, na aweke picha bila beti, nasi tutamsamehe. Anapochukua kalamu ameahidi maneno, na neno la kwanza analodaiwa ni jina la kitu anachokiimba.

Hoja ya pili yasema kwamba katika ushairi wetu ua ni fumbo. Ua ni mwanamke, ua ni ujana, ua ni nchi. Wa nini basi udadisi wa shina na jani? Najibu kwamba fumbo hupata nguvu kwa kitu kilichofumbiwa. Mwenye kulijua ua la mtakawa, lililoamka la manjano likalala jekundu, ana fumbo la mtu aliyebadilika kwa siku moja. Mwenye kulijua ua la mlilana ana fumbo la mtu anayechanua wakati wengine wamekata tamaa. Mwenye kuujua mkadi, mti wa majani ya miiba ambao ua lake lenye harufu kali huingizwa katika mapambo ya wanawake, ana fumbo la utamu uliolindwa na ukali. Na mwenye ua tu, ana fumbo la nini? Ana tungo ile ile ya waridi na asumini, iliyozungushwa mpaka ikachakaa kama sarafu iliyofutika sura. Sisemi waridi na asumini zitupwe. Nasema bustani imejaa, na msitu na ufuo vimeachwa bila mwimbaji.

Aliyeandika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha kwamba fahari ya Pate imepita, hakutosheka na kusema vitu vizuri vimeharibika. Alitaja madaka ya sahani, alitaja taa, alitaja popo na makinda ya ndege waliohamia mahali pa mabwana. Nyumba zile zimekwisha kubomoka, na bado tunaziona, kwa sababu mtu mmoja alizitaja kitu kimoja kimoja. Hiyo ndiyo kazi ya utungo: kukitia kitu jina mpaka kisiweze kufa kimyakimya.

Hoja ya tatu yasema majina yenyewe hayatulii: mti mmoja una jina hili Lamu na jina jingine Tanga. Ndivyo hasa. Mti wa mikoko unaoitwa muia upande wa Kenya utausikia ukiitwa msinzi upande wa Tanzania. Lakini tangu lini mpenda lugha akaogopa visawe? Mtu anayekesha akitafuta kina cha mwisho, asiyejali kuchimba neno la Kingozi ili mizani itimie, ghafla anadai kwamba majina mawili ya mti mmoja yanamtatiza! Majina mawili ni mali mara mbili. Msinzi na muia havina kina kimoja. Ushukuru, uvitumie vyote viwili.

Na kwa kuwa nimetaja mizani, niwaondolee malenga kisingizio cha mwisho. Mlakasa una mizani minne. Mtakawa una mizani minne. Mlilana una mizani minne. Mkilua una mizani minne. Kila mmoja ni nusu kamili ya kipande cha mizani minane, umekatwa kwa kipimo cha tarbia kana kwamba fundi aliupima. Vina vyake, sa, wa, na, a, ni vina ambavyo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakosi vya kuvilinganisha. Ili isisemwe kwamba nazungumza tu, natoa ubeti huu, si kwa kujionyesha bali kama ushahidi kwamba jina haliuvunji utungo:

Asubuhi mlakasa, hufunguka mchangani,
Jioni umeukosa, umefumba majanini,
Kamera haina kosa, huna jina mdomoni,
Nenda kaulize sasa, wavuvi walio pwani.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo yasema kwamba huu ni ubishi wa watu walioshiba: jina la ua litamsaidia nani? Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane kwa makini, maana hapa hatuzungumzii tena mapambo.

Mlakasa hauoti mahali popote. Unaota katika ukanda mwembamba juu ya mstari wa maji kujaa, na kazi yake ni kuushika mchanga. Mashina yake hutambaa mbali, hutia mizizi kila kifundo, hufunga mchanga uliolegea usipeperushwe na upepo wala kukombwa na maji makubwa. Mikoko iliyo nyuma yake na mbele ya hori huyavunja mawimbi na kuwapa hifadhi samaki wachanga na kaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeutambua ukanda wa mita 60 tangu ukingo wa maji kuwa mahali pa kulindwa dhidi ya shughuli za kudumu. Mita hizo 60 ndizo nyumba ya maua tunayoyazungumzia. Na mita hizo hizo ndizo zinazotamaniwa na kila mwenye fedha za kujenga ukuta, baa ya ufukweni au nyumba ya wageni.

Anapofika mtu na mafagio na majembe kuusafisha ufuo ili upendeze machoni mwa watalii, huung'oa mmea gani? Huung'oa ule usio na jina kinywani mwake. Huuita magugu. Gugu ni jina la kitu ambacho hakuna aliyesimama kukisemea. Mwembe hauitwi gugu. Mnazi hauitwi gugu. Hauwezi kuung'oa mnazi wa mtu bila kuulizwa, kwa sababu mnazi una jina, una mwenyewe, una methali, una nyimbo. Mlakasa umebaki na jina midomoni mwa wavuvi na wazee, wala haumo katika vitabu vya watoto, haumo katika nyimbo za shule, haumo katika mashairi yetu. Siku wazee hao watakapoondoka, kamusi ikiwa imebakiza aina ya mmea, nani atasimama mbele ya jembe aseme: huu si uchafu, huu una jina?

Picha ingeweza kusaidia. Ndiyo sababu hasira yangu ni kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kama picha ingekuwa kitu cha bure. Hakuna chombo kilichopata kuwapa watu wengi hivi uwezo wa kuhifadhi ua kama simu walizo nazo mikononi. Kijana wa Pangani leo anaweza kuweka kumbukumbu ambayo zamani ilihitaji msafara. Zile hazina za mimea iliyokaushwa, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoanzia Amani katika milima ya Usambara kabla ya kuhamia Nairobi, zina kanuni moja rahisi: kila jani lililobandikwa huambatana na kikaratasi kinachotaja mahali, tarehe, aliyekusanya, rangi ya ua lingali bichi, na jina walilolitoa wenyeji panapowezekana. Kikaratasi hicho hakina tamathali hata moja, na bado kina ushairi zaidi ya maneno uzuri wa machweo, kwa kuwa kinamheshimu msomaji atakayekuja miaka mia baadaye. Kinamwachia kitu cha kushika.

Kwa hiyo natoa rai, nayo naielekeza kwa watu watatu.

Kwako mpiga picha: geuka. Ukiwa katika pwani inayotazama mashariki, lipe jua kisogo na uliache liliangaze ua. Ukiwa Forodhani au Mkoani, ambako jua liko mbele yako, tafuta upande ambao mwanga unalipitia ua ubavuni, usilichome likawa mkaa. Nenda ufukweni pia asubuhi, wakati wa mlakasa, ili ujue ni nini ulichokuwa ukikikosa kila jioni. Kaa baada ya jua kutua, umngoje mlilana. Usilikanyage bua ili kulifikia ua, wala usilikate kwa ajili ya picha. Na kabla hujaondoka, muulize aliye karibu: mvuvi anayeshona nyavu, mama anayeokota chaza, mzee aliyeketi barazani. Shikamoo kwanza, swali baadaye. Akikwambia jina, liandike kama alivyolitamka, na uandike ni mji gani.

Kwako malenga: usiseme ua kama huwezi kusema ua gani. Umekubali kwa hiari yako nira ya vina na mizani. Kubali na hii, iliyo nyepesi zaidi. Ukipenda kulia jioni, lia na mtakawa. Ukipenda kutumaini, tumaini na mbuyu. Msomaji asiyelijua jina atauliza, na kuuliza kwake ndiko kufufuka kwa neno.

Na kwenu wahariri wa kurasa zinazochapisha mashairi yetu: rudisheni picha zisizo na majina, kama mnavyolirudisha shairi lililopinda mizani. Mnapodai silabi ya nane isikosekane katika kipande, mnadai jambo dogo kuliko hili. Ubeti uliopungua silabi moja huweza kurekebishwa kesho. Jina la mmea likishapotea midomoni mwa watu wake, hakuna mhariri atakayelirejesha, na ufuo utakaobaki utakuwa mchanga safi uliofagiliwa, jua likitua nyuma yake kila siku baina ya saa 12 na saa 1, bila ua la kuliangaza wala neno la kuliita.